Zana za Picha na Mawasilisho Mtandaoni: Zipi Zinafaa Shule Zetu?

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, picha zimekuwa sehemu ya kazi za shule. Mtoto wa gredi ya nne anaagizwa apige picha za mimea ya nyumbani kwao. Wa gredi ya nane anatakiwa aandae wasilisho kuhusu mazingira na kulieleza mbele ya wenzake. Mara nyingi mzigo humwangukia mzazi, anayefunga biashara yake jioni akapange foleni kwenye saiba ili achapishiwe karatasi mbili za rangi ambazo zitaishia kabatini. Zipo zana za mtandaoni zinazoweza kuipunguza gharama hiyo, na nyingi zinatangazwa kuwa za bure. Swali ni je, zinafanya kazi katika shule kama zetu, na hiyo bure analipa nani?

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari msingi karibu na Kendu Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Muhula uliopita nilijaribu zana kadhaa kwa kazi moja ile ile ili nizilinganishe kwa haki. Nilikuwa na laptopu moja, projekta moja, simu yangu na bando la simu hiyo hiyo. Naandika niliyoyaona kwa ajili ya walimu na wazazi wa Pwani pia, maana Kendu Bay na Vanga, au Kendu Bay na Faza, hazitofautiani sana katika jambo hili: mtandao upo lakini unapimwa kwa shilingi, na umeme upo mpaka mvua itishie.

Kazi niliyoitumia kupimia

Darasa liliandaa wasilisho la slaidi 12 lenye picha 24 kuhusu maji ya kwetu. Nusu ya kwanza ilihusu Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno lililo karibu na mji, lenye maji ya magadi na heroe wanaokuja na kuondoka. Kisa chake kila mtoto wa hapa anakijua: bibi kizee mgeni alifika kijijini usiku wa sherehe, akafukuzwa na wote isipokuwa mwanamke mmoja, na maji yakakimeza kijiji kizima. Watu wa Pwani husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kisa hiki wenyeji hawakupona.

Nusu ya pili ilihusu Ziwa Victoria lenyewe, ambalo kwa Kijaluo ni Nam Lolwe. Mwezi Mei 2020 maji yake yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na familia nyingi za kaunti za kando ya ziwa zilihama. Wanafunzi waliwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka 1964 na wapi mwaka 2020, wakapiga picha za sehemu hizo kwa simu za wazazi. Kwa hiyo zilikuwa picha za kweli, nzito, za ukubwa tofauti, na nyingine zilikuwa na sura za watu ndani yake. Hivyo ndivyo picha za shule zilivyo.

Kila zana niliiuliza maswali matatu. Je, siku ya kuwasilisha umeme au mtandao ukipotea, kazi itaonekana? Je, picha zinakaa wapi, na nani anaweza kuziona? Je, kampuni ikifunga huduma au ikianza kutoza pesa, kazi ya watoto itabaki?

Kwanza, punguza uzito wa picha

Kabla ya zana yoyote, hili ndilo jambo lililookoa pesa zaidi. Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Tukichukua megabaiti 4 kwa kila moja, picha zetu 24 ni megabaiti 96. Kuzipandisha ni bando, kuzishusha tena kwenye kompyuta nyingine ni bando la pili.

Ukubwa huo haumsaidii mtu darasani. Projekta nyingi za shule huonyesha pikseli 1024 au 1280 tu kwa upana. Picha ya pikseli 4000 ikipita kwenye projekta hiyo, ziada yote inatupwa na mwanafunzi aliye nyuma haoni tofauti. Nilizipunguza picha zote hadi upana wa pikseli 1280, zikawa na wastani wa kilobaiti 250 kila moja. Jumla ilishuka kutoka megabaiti 96 hadi 6 hivi.

Njia rahisi kwa mwalimu mwenye simu pekee ni kujitumia picha kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida. Programu hiyo huzipunguza yenyewe. Kwenye kompyuta, PowerPoint ina amri ya kubana picha zote za faili kwa mara moja. Kuna pia Squoosh, zana ya Google inayofunguka kwenye kivinjari na kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila kuipeleka picha kokote.

Google Slides

Hii ndiyo iliyokuwa rahisi kuanza nayo, kwa sababu karibu kila mwenye simu ya Android ana akaunti ya Google. Nguvu yake ni kufanya kazi pamoja. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika slaidi tofauti za faili moja kwa wakati mmoja, na historia ya mabadiliko inaonyesha nani aliandika nini. Kwa mwalimu anayesahihisha kazi ya kikundi, hilo ni jambo kubwa: yule anayelala huku wenzake wakifanya kazi anaonekana.

Inaweza kufanya kazi bila mtandao, lakini lazima uiandae mapema. Kwenye kompyuta unatumia Chrome na kuwasha hali ya nje ya mtandao ukiwa bado umeunganishwa; kwenye simu unaliwekea faili alama ya kupatikana bila intaneti. Asiyefanya hivyo nyumbani hatakuwa na cha kuonyesha shuleni.

Kikwazo ni umri. Akaunti ya kawaida ya Google, anayoisimamia mwanafunzi mwenyewe, inahitaji awe na miaka 13. Wengi wa gredi ya saba wako chini au juu kidogo ya hapo. Mimi natumia akaunti ya kazi iliyofunguliwa kwa jina la somo. Nayo naifungua mwenyewe, na wanafunzi wanaandika kwa zamu.

Canva

Canva ilianzishwa Australia na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013, na ndiyo wanafunzi waliyoipenda kuliko zote. Mtoto anachagua kiolezo, anabadilisha maneno, anaweka picha yake, na kwa dakika chache ana bango linaloonekana kama la mtaalamu. Walimu wa shule za msingi na za upili wanaweza kuomba Canva ya elimu bila malipo wakituma hati ya kuthibitisha kwamba wanafundisha. Mpango huo unafungua vitu ambavyo mtumiaji wa kawaida angelipia, na unamwezesha mwalimu kuwaalika wanafunzi wake kwenye darasa lililofungwa.

Nina mambo mawili ya kutahadharisha. La kwanza ni mtandao. Zana hii imeundwa kuishi mtandaoni. Laini ikiwa dhaifu, vipande vya ukurasa huchelewa na mtoto hubonyeza mara tano. Kwa hiyo kazi ikikamilika ishushwe mara moja, kama PDF au faili la PowerPoint, na kuwekwa kwenye flashi.

La pili ni urembo unaoficha uvivu. Kikundi kimoja kilileta bango zuri sana kuhusu uvuvi, lenye boti ya Ulaya na samaki ambaye hajawahi kuogelea ziwani kwetu, vyote vimetoka kwenye maktaba ya picha ya zana. Hapakuwa na omena, hapakuwa na ngege, hapakuwa na taa za usiku wanazotumia wavuvi wa hapa. Nilikirudisha kikundi ufuoni na simu. Sheria ya darasa sasa ni kwamba angalau nusu ya picha ziwe zimepigwa na wanafunzi wenyewe. Mwalimu wa Shimoni au Kipini atakutana na tatizo hili hili siku watoto watakapoandaa wasilisho kuhusu jahazi.

Prezi

Prezi, iliyoanzia Budapest mwaka 2009, haiendi slaidi kwa slaidi. Inatumia uwanja mmoja mkubwa, nawe unasogea na kukaribia unachotaka kionekane. Kwa ramani ni nzuri: tulianza na ziwa zima, tukashuka hadi Ghuba ya Winam, kisha Kendu Bay, kisha gati. Lakini ni nzito, inataka mtandao imara, na mwendo wake uliwafanya wanafunzi wawili waseme wanasikia kizunguzungu. Tena angalia masharti ya mpango wa bure kabla ya kuanza, kwa sababu kwa miaka mingi watumiaji wa bure walilazimika kuacha mawasilisho yao wazi kwa umma. Kwa ramani ya ziwa hilo halina neno. Kwa picha za watoto sikulikubali.

PowerPoint na LibreOffice Impress

PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na bado ndiyo lugha ambayo kila saiba, kila ofisi na kila projekta inaielewa. Toleo la mtandaoni ni la bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, pamoja na gigabaiti 5 za kuhifadhia.

Lakini kwa shule isiyo na pesa za leseni, ningeanza na LibreOffice. Ni programu huria, inasakinishwa kutoka kwenye flashi, na baada ya hapo haidai intaneti wala akaunti. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya PowerPoint, ingawa maandishi yanaweza kusogea kidogo, kwa hiyo pitia slaidi zote kabla ya kuwasilisha. Kwa mwalimu wa Kiswahili ina jambo la ziada: kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kazi ya kuiingiza lugha yetu kwenye programu za aina hii ina historia ya kwetu wenyewe. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice ilichipuka kwayo mwaka 2010. Mtoto akiandika "mazingila", mstari mwekundu unamwonya. Kwenye zana nyingine, mstari mwekundu huwekwa chini ya Kiswahili chote, kibaya na kizuri, na mtoto hujifunza kuupuuza.

Photopea na kuhariri picha

Kwa kukata, kung'arisha na kuficha sehemu ya picha nilitumia Photopea. Inafunguka kwenye kivinjari, haihitaji akaunti, na picha hubaki kwenye kompyuta yako badala ya kupandishwa. Ina matangazo pembeni, na kwa mgeni vitufe vyake ni vingi kama vya rubani. Tulihitaji vitatu tu: kukata, kubadilisha ukubwa, na kutia ukungu kwenye sura ya mtu. Hicho cha tatu ndicho kilichotufaa zaidi, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Mahali pa kuhifadhi: usiache mbachao kwa msala upitao

Huduma za picha huja na kuondoka. Picnik, iliyopendwa sana na walimu wa nchi nyingi kwa kuhariri picha, ilifungwa na Google mwaka 2012. Picasa ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2017 Photobucket ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa waliotaka picha walizohifadhi kwake ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine, na tovuti nyingi zikabaki na mapengo. Flickr iliweka kikomo cha picha 1,000 kwa akaunti za bure mwaka 2019. Google Photos iliacha kuhifadhi bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa gigabaiti 15 za bure zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili. Tena Google ina haki ya kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Mwalimu akihamishwa na kuisahau akaunti ya shule, kazi ya miaka inaweza kwenda nayo.

Sina ugomvi na kampuni hizi; ni biashara zao. Ninachosema ni kwamba wingu ni mahali pa kupitishia kazi, na ghala liwe la shule. Kila wasilisho letu linahifadhiwa mara tatu: faili la kuhariri, PDF, na folda ya picha asili. Nakala moja iko kwenye laptopu, nyingine kwenye diski inayofungiwa ofisini. PDF ndiyo itakayofunguka hata zana iliyotengeneza kazi ikifa.

Picha za watoto

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito kuliko bando na urembo. Tulipoanza mradi huu, mzazi mmoja alinijia akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tafadhali picha ya huyu mtoto isiwekwe mahali popote. Kuna watu wasiotakiwa kujua anasoma wapi." Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza. Hakupaswa kujieleza. Mtoto yule alifanya kazi yote ya mahojiano, sauti yake ndiyo iliyosikika wakati wa kuwasilisha, na sura yake haimo kwenye slaidi hata moja.

Sheria iko upande wa mzazi huyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Hii si karatasi tupu. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule nyingi za kwetu haziwezi kulipa hata sehemu ndogo ya pesa hizo.

Nimeweka masharti manne darasani. Fomu ya idhini huandikwa kwa Kiswahili na Kijaluo, na inasema wazi picha itatumika wapi: darasani tu, kwenye kikundi cha wazazi, au hadharani. Mzazi anaweza kukubali moja na kukataa nyingine, na anaweza kubadilisha nia baadaye. Picha ya mtoto haiandikwi jina lake kamili. Eneo linazimwa kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga, kwa sababu picha inaweza kubeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa, na anayeipata akavisoma. Mwisho, kiungo cha wasilisho hakiachwi wazi kwa kila mtu. Kinatumwa kwa watu waliotajwa tu.

Picha za watu wengine

Kuipata picha Google hakuifanyi iwe yako. Kwa picha ambazo wanafunzi hawawezi kupiga, kwa mfano ziwa likionekana kutoka angani, ninawaelekeza Wikimedia Commons, hazina iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo picha zake zimeruhusiwa kutumika tena. Chini ya kila picha pana jina la mpigaji na masharti ya leseni; mwanafunzi huyaandika kwenye slaidi ya mwisho. Ni somo la uaminifu linalochukua dakika mbili.

Nani anunue bando?

Serikali ilipoanzisha mpango wa vifaa vya kidijitali mwaka 2016, zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Kilichobaki bila mwenyewe ni gharama ya kila siku: bando, ukarabati, taa ya projekta ikiungua. Shule nyingi hulimaliza jambo hilo kimya kimya kwa mfuko wa mwalimu au wa mzazi. Naona si haki. Bodi ya shule inayoweka chaki na karatasi kwenye bajeti iweke na bando, hata kama ni dogo, na projekta moja inayofanya kazi iwe na thamani kuliko vibao vya matangazo getini. Wasilisho moja likionyeshwa ukutani, wazazi 40 hawaendi saiba.

Kwa shule inayoanza leo na laptopu moja, ushauri wangu ni huu. Punguzeni picha kwanza. Tengenezeni kazi kwa LibreOffice. Tumieni Google Slides pale ambapo kikundi kinahitaji kuandika pamoja, na Canva kwa mabango. Tieni ukungu kwa Photopea sura ambazo hazina idhini. Shusheni kila kitu kama PDF siku hiyo hiyo. Nawe mzazi, ukiletewa fomu ya picha utie saini, usiifanye ya kupita tu: uliza picha itakaa wapi, nani ataiona, na itafutwa lini. Mwalimu aliyejiandaa atakuwa na majibu yote matatu.